Pasi ya Dada Mfukoni Mwangu

Basi lilikuwa limekwisha kutoka getini, magurudumu ya mbele yako barabarani, ya nyuma bado yanakwaruza changarawe za kituo, ndipo mpwa wangu mkubwa alipokuja mbio ubavuni akigonga kioo kwa pete yake ya ndoa.

"Mjomba! Pasi yake ishike wewe!"

"Ninayo!"

"Na tiketi ya kurudi!"

"Ninayo!"

"Na ukifika kule usi—"

Dereva akaingiza gia nyingine, maneno yaliyobaki yakaliwa na moshi. Nilimwona amesimama katikati ya njia, mikono kiunoni, tai imemwangukia begani, kama mtu aliyekumbuka kwamba hakuzima jiko. Dada yangu, aliyekaa upande wa dirisha, hakugeuza hata shingo.

"Mwanangu yule," alisema, "angeweza kunifunga kengele shingoni angenifunga."

"Anakupenda."

"Siku hizi mtu akipendwa huchungwa?"

Katika mfuko wa ndani wa koti langu pasi mbili za kusafiria zilikuwa zimelaliana, yangu iliyochakaa na yake mpya inayonukia gundi, na tiketi zetu za kurudi zimechomekwa katikati. Mfuko wa nje ulikuwa na simu yake. Hiyo nayo nilikabidhiwa mlangoni, mbele ya macho yake. "Asije akaipoteza mama," alisema binti yake, akaitoa mkononi mwa mama na kunipa mimi. Dada alitazama tu. Huyu ni mwanamke aliyesimamia chumba cha kufulia cha hospitali mpaka akastaafu, mashuka ya wodi zote yanapita mikononi mwake, na hakuna daktari aliyewahi kulalamika kwamba shuka limepotea. Siku hiyo hakuaminiwa kushika simu.

Kisa chenyewe ni hiki. Dada ni mjane. Miaka ya mwisho ya kazi yake, hospitali ilinunua mashine mpya za kufulia, kubwa kama matangi, na akaletwa fundi kutoka nchi ya jirani kuzifunga. Fundi alikaa mpaka zikazunguka vizuri, akarudi kwao. Halafu akaanza kupiga simu, eti anaulizia mashine. Nawauliza, mashine hujuliwa hali mara ngapi kwa mwezi? Sisi tulipokuja kushtuka, mashine zilikuwa zimesahauliwa zamani, dada anacheka peke yake jikoni na sufuria inaungua. Mke wa fundi alikuwa amefariki, au ndivyo alivyosema. Sasa alikuwa anamwomba dada aende akaione nyumba yake na watu wake, kisha waongee kama watu wazima. Na kwa kuwa serikali mbili zilikuwa zimekubaliana kufuta viza baina yao, dada akasema haoni sababu ya kutokwenda.

Watoto wake waliziona sababu. Yule mkubwa anafanya kazi kampuni ya bima. Kazi yake ni kusoma madai ya watu walioungua nyumba na kutafuta kiberiti kilikuwa mkononi mwa nani; analipwa mshahara kwa kutoamini. Hata nyumbani tulimwita Bima, naye akaitika. Alisema mwanamume anayejulikana kwa sauti tu ni mtego. Mdogo wake, mpwa wangu wa kike, alisema huyo anatafuta mfuaji wa bure. Mimi niliwaza yote mawili kwa pamoja. Nimelala nchi nyingi, nimeuza vitambaa, nimepakua magunia bandarini, nimefundisha watoto hesabu ambazo mwenyewe nilizisikia kwa mlango wa nyuma, na nilichorudi nacho ni hiki: mtu akikuita kutoka mbali kwa sauti tamu, tazama kwanza amekanyaga nini.

Ikaamuliwa niende naye. Mimi sina mke wa kuniuliza nimeelekea wapi, na miguu yangu tangu utotoni haijui kukaa; dada mwenyewe ndiye aliyenibandika jina la Kiguu, kifupi cha kiguu na njia. Kazi yangu ilikuwa kuingia nyumba ya fundi, kunusa jikoni, kuwahoji majirani kwa ujanja, na siku zikiisha kumrudisha mama yao. Dada hakuulizwa kama anahitaji mtu wa kumsindikiza. Alipewa habari wakati anakaanga vitunguu.

Halafu yakaja mazoezi. Bima aliyasoma masharti ya kuingia nchi ile kwenye simu yake, akasukuma meza ya sebuleni ikae katikati, akavaa miwani ya marehemu baba yake ili afanane na afisa. Sisi tukasimama mbele yake kama watu wanaoomba kazi.

"Viza wameondoa," alisema, "maswali hawakuondoa. Mwenye viza ameshahojiwa ubalozini. Asiye na viza anahojiwa mlangoni, watu wako nyuma yake wanasukuma. Pasi iwe na uhai wa miezi sita mbele: mnayo. Tiketi ya kurudi, mahali pa kufikia, siku zisizidi thelathini, kazi hakuna kufanya. Sasa sababu ya safari. Mama, unakwenda kufanya nini?"

"Kumwona—"

"Hapana! Ukisema mwanamume watadhani unakwenda kuolewa ubaki huko. Sema: ninakwenda kwa matembezi mafupi, kupumzika na kujionea mandhari. Rudia."

Dada akarudia. Nami nikarudia. Tukarudia mpaka tukawa kama watoto wa darasa la kwanza wanaoimba irabu.

"Wakiniuliza mandhari gani?" dada akauliza.

"Sema milima."

"Huyo fundi ana mlima?"

Niliangua kicheko. Bima alinikazia macho juu ya miwani ya baba yake, akasema, "Mjomba, wewe ndiye wa kututia hasara."

Basi lilikwenda. Mji ukaisha, yakaja mashamba, ikaja misitu ya miti iliyopandwa kwa mstari. Mimi nilikuwa nalifikiria sanduku la dada. Nilipolinyanyua kituoni lilinivuta bega, na ndani yake kitu kizito kiligonga kitu kingine. Mtu anayekwenda kutembea kidogo habebi vya kugonga. Anayebeba vyombo anahama.

"Sandukuni una nini?" nilimwuliza.

"Nguo."

"Nguo hazigongi."

"Zangu zinagonga."

Mbele yetu mtoto mchanga alilia, akabembelezwa, akalala. Dada aliinamisha kichwa karibu na changu.

"Kiguu, umetumwa."

"Nimekusindikiza."

"Nimekubeba mgongoni wewe, usiniletee ujanja. Ukifika kule utamwuliza nini?"

"Kama ana mke."

"Amekufa."

"Nani kasema amekufa?"

"Yeye."

"Ndiyo hiyo sasa."

Alifikiri kidogo, kisha akauliza kwa upole wa kinafiki, "Na mkeo wewe yuko wapi?"

"Yupi?"

"Ndiyo hiyo sasa."

Mtu wa kiti cha nyuma alikohoa, nami nilijua hakuwa na kikohozi.

Mpaka ulikuwa jengo refu la bati, nusu letu, nusu lao, na katikati kipande cha lami ambacho si cha mtu. Upande wetu kijana alitugongea mihuri bila kuinua macho. Kondakta wa basi, mtu mfupi mwenye filimbi shingoni, alitutangazia: "Mizigo shukeni nayo, inakaguliwa! Mtavuka kwa miguu, basi linazunguka, mtalikuta ng'ambo. Atakayekwama simngojei, hata awe mama mkwe wangu!"

"Hasa awe mama mkwe wako," dada akamwambia, na abiria wakacheka.

Upande wao ukumbi ulinuka dawa ya kupigia deki. Feni moja ilizunguka, nyingine ilining'inia tu. Ukutani palikuwa na ubao mkubwa wenye masharti yaleyale aliyoyasoma Bima, nami niliupitisha macho na moyo ukatulia: kila kitu tulikuwa nacho, tena nilikuwa nacho mimi, mfukoni, hakuna wa kukiangusha. Dirishani alikaa afisa mwanamke wa makamo, nywele amezibana nyuma, kalamu yake imefungwa kwa uzi kwenye meza. Aliongea lugha yetu polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kuchagua mawe.

Nilipeleka pasi zote mbili kwa mkono mmoja.

Alizitazama. Akatazama koti langu zilikotoka. Akamtazama dada, aliyekuwa nyuma yangu hatua moja, ameshika sanduku lake kwa mikono miwili.

"Hii ya mama ilikuwa kwako?"

"Namshikia."

"Yeye mikono hana?"

"Anayo, ila ni mtu mzima, afisa. Tumeona nimshikie."

"Mmeona akina nani?"

"Watoto wake."

Aliandika kitu. Sikupenda alivyoandika, mkono ulikwenda haraka kuliko maneno yangu. "Tiketi ya kurudi ya mama?"

Nikaitoa mfukoni. Hapo alinitazama mimi, si tiketi.

"Mama," alisema, "unakwenda wapi?"

"Tunakwenda—" nilianza.

"Nimemwuliza mama."

Dada akasogea mbele, akasafisha koo. "Ninakwenda kwa matembezi mafupi, kupumzika na kujionea mandhari."

"Na wewe, mzee?"

Kinywa kilifunguka chenyewe. "Ninakwenda kwa matembezi mafupi, kupumzika na kujionea mandhari."

Nilisikia masikioni mwangu jinsi ilivyotoka. Maneno yaleyale, pumzi palepale, hata kale kamkato ka Bima baada ya neno mafupi kalikuwepo. Afisa aliweka kalamu chini.

"Nani amewafundisha?"

Dada alinitazama mimi, nami nikaitazama ile feni iliyoning'inia.

"Mandhari gani?"

"Milima," tulisema mimi na dada, kwa sauti moja.

Nchi ile, nilikuja kuambiwa baadaye, ni tambarare kama sinia.

Alimwita mwenzake, mkaguzi mwenye glavu, akafungua sanduku la dada juu ya meza ya bati. Zikatoka nguo kweli, zimekunjwa kwa ule mkunjo wake wa hospitali, kingo zimelingana. Chini ya nguo palikuwa na mashuka mawili meupe. Ndani ya mashuka, limezungushwa kama mtoto, spana. Spana kubwa, la chuma cheusi, urefu wa mkono wangu mpaka kiwikoni, na karibu yake boliti nene zikigongana nalo.

Mkaguzi alilinyanyua. "Hili la kujionea mandhari?"

"Si langu," dada alisema.

Ninaijua mipaka. Hakuna maneno yanayochukiwa na mkaguzi kama hayo mawili.

"La nani? La huyu mzee?"

"La mwenyewe," alisema dada.

Wakamchukua. Si kwa nguvu. Yule afisa alimshika kiwiko akampeleka chumba cha pembeni chenye kioo cha ukungu, na mimi nikaonyeshwa benchi. Pasi zote mbili ziliondoka naye. Nilikaa. Upande wa pili wa mlango wa kutokea nililiona basi letu limekwisha kuzunguka, limesimama juani, abiria mmoja mmoja wanapanda. Kondakta aliingiza kichwa.

"Mzee, vipi?"

"Wanauliza."

"Umefanya nini?"

"Nimefanya nini mimi?"

"Sijui, mzee. Wanavyokutazama hivi, mimi mwenyewe naanza kuuliza." Akaenda zake.

Kwa mara ya kwanza nilijitazama kama wao wanavyonitazama. Mwanamume asiye na kazi ya kutaja, pasi imejaa mihuri ya huku na kule, amemshika mwanamke mzee, ana pasi yake, ana tiketi yake, anamjibia maswali, na wote wawili wameimbishwa wimbo mmoja. Ningekuwa mimi nimekaa dirishani pale nisingempitisha mtu huyo. Ningemfungia. Lakini hapohapo wasiwasi wangu wa zamani nao ukaja ukakaa kando yangu: huyo fundi je? Kama mimi, mdogo wake wa tumbo moja, ninafanana na mwizi wa watu, yeye asiyeonekana anafanana na nini? Na dada humo ndani anasema nini? Akisema ukweli wa fundi, atarudishwa kama Bima alivyoonya. Akiendelea na milima, atarudishwa vilevile. Vyovyote vile safari aliyoisubiri ilikuwa inafia kwenye chumba chenye kioo cha ukungu, na sababu nilikuwa nimeibeba mimi mfukoni.

Waliniita. Dada alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mgongo umenyooka, spana liko mezani mbele yake, mkaguzi kasimama mlangoni. Afisa alikaa ubavuni pake badala ya kumkabili.

"Mama," alisema, "nakuuliza mbele yake, usiogope, hapa hakugusi mtu. Huyu bwana amekulazimisha?"

Dada alinitazama. Nimetazamwa na dada kwa namna nyingi maishani, kwa hasira, kwa huruma, kwa kunitafutia chawa. Hiyo sikuwahi kuiona. Alikuwa ananipima.

"Amenilazimisha," alisema.

Nikapiga hatua mbele. "Dada!"

"Kaa kimya, mzee," alisema afisa.

"Si yeye peke yake," dada aliendelea, taratibu. "Yeye na wanangu. Kwenda nimetaka mwenyewe. Kwenda naye ndiko nilikolazimishwa. Pasi yangu wamempa yeye. Simu yangu wamempa yeye. Maneno yenyewe ya kusema nimepewa, kama mtoto anayetumwa dukani."

"Simu pia?" afisa akanigeukia.

Niliitoa mfuko wa nje, nikaiweka mezani. Iligonga spana.

"Sasa yako mwenyewe, mama. Unakwenda kufanya nini?"

Dada alishusha pumzi. Tulilelewa nyumba ambayo dada hamtaji mwanamume mbele ya kaka zake; hata mumewe, mpaka anazikwa, kwangu alimwita shemeji yako. Aliutazama ukuta na kusema, "Nakwenda kumwona mwanamume. Ameniomba anioe. Sijamkubali. Nataka nimwone kwake, anavyokula, anavyowasemesha watu wake, nguo zake zinavyoanikwa. Kisha nirudi nyumbani nikafikiri. Hilo spana alilisahau kwetu chini ya mashine, na boliti zake. Nimelitunza tangu aondoke. Namrudishia."

"Kwa hiyo si kuolewa na kubaki?"

"Binti yangu, mtu ananunua shuka bila kulikunjua?"

Afisa aliinamisha uso, nikaona shavu linamcheza. Lakini hakuwa mtu wa kuamini kwa sababu amechekeshwa. Alisema, "Mpigie. Weka sauti kubwa. Usimsalimu, nitaongea mimi."

Simu iliita kidogo tu. "Mmefika?" ilisema sauti ya mwanamume, nzito kidogo, nyuma yake honi za magari. "Mimi niko hapa kituoni tangu asubuhi. Nimeshakuwa mali ya kituo."

"Hapa ni uhamiaji," alisema afisa. "Unamngoja nani?"

Kisha sauti ikajikusanya. "Namngoja mama mmoja. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia, hospitali niliyofunga mashine. Kuna tatizo?"

"Umemjuaje?"

"Alinifukuza. Siku ya kwanza nilikanyaga shuka zake safi kwa viatu vyenye grisi, akanitoa nje mbele ya watu. Nikasema, huyu ni mtu."

Dada aliangalia chini. Mimi nilisikiliza kwa masikio ya Bima, natafuta ufa. Sauti ilikuwa tamu, hilo sikulipenda. Lakini haikuwa na mazoezi.

"Umesahau kitu kule kwao?"

"Spana langu la boliti za inchi! Analo? Nimelitafuta miaka. Nilimlaumu msaidizi wangu bure."

"Wageni wako ni wangapi?"

"Mmoja."

Afisa alinitazama. "Kuna mzee pamoja naye. Wanakuja wote kwako."

"Mzee gani?" Sauti ilibadilika. Ilikuwa sasa na shaka, ile shaka ambayo mimi nilikuwa nimempakilia yeye. "Sijaambiwa habari ya mzee. Ni nani?"

"Mdogo wangu," dada alisema.

"Ah, shemeji! Basi kama ni mdogo wako aje. Kitanda... tutapanga. Ila hukuniambia."

"Sikukuambia kwa sababu sikumwalika," alisema dada, na simu ikakatwa na afisa.

Nje honi ya basi ililia, mara moja, ndefu.

Afisa alizipanga pasi mbili mezani, kila moja peke yake, pasi yangu kwangu na ya dada kwake. Aliongea nasi kama anayesoma ule ubao wa ukutani. "Mama ana pasi, ana tiketi, ana mwenyeji aliyemthibitisha, na sababu ameisema. Ametimiza. Wewe, mzee, mwenyeji hakukutegemea, sababu yako ni ya kukariri, na umekutwa na nyaraka za mtu mwingine. Hapo naweza kukurudisha. Lakini mama akisema uko naye kwa hiari yake, nitawapitisha wote wawili. Mama?"

Nilidhani hilo limekwisha. Niliinuka kidogo, nikakaza kamba ya kiatu. Dada alichukua pasi yake, akaipangusa kwa upindo wa kitenge chake kana kwamba nimeitia jasho, akaweka tiketi ndani, akachukua simu. Alilizungushia spana shuka.

"Kiguu," alisema. "Ulipokwenda nchi ya kwanza ulikuwa huna hata ndevu. Nani alikusindikiza?"

"Hakuna."

"Mama alilia, mimi nikamwambia mwache aende akaone. Si ndiyo?"

"Ndiyo, dada, lakini yule mtu—"

"Yule mtu simjui. Wewe pia humjui. Tofauti ni kwamba anayengojwa kituoni ni mimi." Akamgeukia afisa. "Arudi nyumbani huyu. Mwambie kistaarabu."

"Ameshasikia," alisema afisa.

"Ukikuta ana mke?" nilimwuliza dada. Nililisema kwa sauti ndogo, na bado lilisikika na mkaguzi, na spana, na wote.

"Nitakuwa nimelifikisha spana."

Muhuri ulipigwa. Alinyanyua sanduku mwenyewe. Nilipotaka kumsaidia, mkaguzi alininyoshea kidole nikae. Nilimtazama kwenye mlango wa kutokea, anatembea juani upande mmoja umeinama kwa uzito, bila kugeuka, mpaka kondakta aliporuka chini kumpokea na kusema kitu kilichomchekesha. Abiria wakanitupia mfuko wangu mdogo niliousahau chini ya kiti cha basi. Basi likaondoka.

Niliuvuka tena ule mkeka wa lami usio wa mtu. Upande wetu, yule kijana aliyegonga mihuri bila kuangalia sasa aliinua macho.

"Mzee, si umetoka sasa hivi? Umerudi mbio hivi umepeleka nini?"

"Dada yangu."

"Umempeleka ukamwacha?"

Akaanza kunihoji.

Niliporudi mjini nilikwenda moja kwa moja kwa Bima. Alikuwa kwenye meza ileile ya sebuleni.

"Mama yuko wapi?"

"Amevuka."

"Na pasi yake?"

"Anayo."

"Mjomba, tulikupa kazi moja!"

Binti akaanza kulia, akasema mama ameibwa na mimi nimeshuhudia. Nami sikujua kama si kweli.

Dada alikaa huko hadi siku zake za ruhusa zilipokaribia kwisha, akarudi. Fundi hakuwa tapeli na mke wake alikuwa amekufa kweli. Ila hakuwa amesema yote: aliishi na mama mkwe wake, mama wa yule marehemu, bibi kizee asiyeona, na hakuwa na mtu mwingine wa kumtunza. Dada alikasirika kwa kufichwa, si kwa bibi, na kwa miezi mingi hakutaka kusikia habari ya fundi. Kisha akamsamehe. Walifunga ndoa upande huu, ofisini kwa mkuu wa wilaya, kisha dada akahamia kule kwa kibali cha ukaazi apewacho mke wa raia. Bibi alifariki mwaka wa pili, dada ndiye aliyemwosha.

Bima alihudhuria ndoa na aliomba kuona kitambulisho cha bwana harusi. Alipandishwa cheo. Mdogo wake hakuja siku hiyo. Siku hizi huwapeleka watoto wake kule kila shule zikifungwa. Yule afisa alihamishiwa uwanja wa ndege, nilisikia kwa kondakta. Kondakta bado yuko njia ileile. Mimi nimealikwa nyumbani kwa fundi na sijakwenda. Magoti yameharibika. Naishi nyumba ya dada, chumba cha nyuma, na vya mbele vimepangishwa.